Malkia Elena Wanne

Siku Murunga alipowaona kina mama wakifunga maua kwenye mianzi, tumbo lake lilimwambia hapo pana chakula. Na tumbo la Murunga halikuwahi kusema uongo. Kazi hiyo aliuachia mdomo.

Alikuwa amesimama kando ya kanisa moja mtaani Huruma, Eldoret, akijikinga mvua ya Mei chini ya paa la wenyewe, kama ilivyokuwa kawaida yake. Uwanjani, chini ya turubai, kina mama walikuwa wanakunja mianzi iliyotoka Timboroa iwe matao, halafu wanayavisha waridi, yale ambayo mashamba ya maua huyatupa kwa sababu shina limepinda kidogo. Katikati yao alikuwa Sista Ligaya, mtawa mwembamba kutoka Ufilipino, mwalimu wa chekechea ya parokia.

"Mulembe, Sista. Harusi ni ya nani?"

"Si harusi, ndugu yangu. Ni maandamano."

Murunga akapima kwa macho umbali wa kutoka pale mpaka langoni. Katika nchi hii maandamano huja na vitoa machozi.

"Maandamano ya Santakrusan," Sista akaendelea. Kiswahili chake alifundishwa Morogoro, na kilikuwa kimenyooka hivi kwamba watu wa Huruma wakiongea naye walijikuta wanachomekea shati. "Kwetu, mwezi wote wa Mei watoto humtolea Bikira Maria maua. Siku ya mwisho tunatoka barabarani. Wasichana huvaa magauni, kila mmoja ni malkia na hutembea chini ya tao lake. Wa mwisho kabisa ni Malkia Elena, aliyeutafuta Msalaba mpaka akaupata. Huyo ndiye anayesubiriwa na watu wote."

"Na huyo Elena anachaguliwa na nani?"

"Na hermano mayor. Yaani kaka mkubwa, mwenye sherehe. Mwaka huu hatujampata. Watu wakielezwa kazi yake, wanakumbuka wameacha sufuria motoni."

Mtu mwingine angeuliza, kazi gani hiyo? Murunga alikuwa amesikia neno moja tu: kuchagua.

"Sista, usitafute tena. Nimefika."

"Lakini ni mzigo, ndugu yangu. Ngoja nikueleze..."

"Mzigo wa Mungu hauelezwi, Sista. Unabebwa."

Sista Ligaya akafumba macho. Alikuwa na miaka kumi na moja hajaiona Santakrusan. Ile ya mwisho alitembea na mamake mzazi, na sasa mamake hayupo. Alipofumbua macho, Murunga alilazimika kuangalia pembeni kwa sekunde mbili hivi, jambo ambalo halikuwahi kumpata kazini. Likapita. Jumapili iliyofuata padri akalitangaza jina lake misani, na Murunga akasimama, akainama kulia na kushoto, akiwa na cheo halali kwa mara ya kwanza maishani.

Jumatatu asubuhi alikuwa mbele ya hardware ya Waithira, mwenye binti aitwaye Waiyego.

"Mama Waiyego, hebu funga duka kidogo."

"Nifunge, halafu niuze nini? Kivuli?"

"Wewe unauza misumari. Mimi nimekuletea taji. Waiyego ako na miaka ngapi?"

"Ishirini na tatu. Kwani wewe ni chifu?"

"Ishirini na tatu, na bado yuko kaunta anapima misumari." Murunga akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya. "Mama, Jumapili ya mwisho wa mwezi barabara hii itajaa. Wakimbiaji wa Iten watakuja wote. Hao watu hujawahi kuwaona wamesimama. Siku hiyo watasimama."

Waithira akaacha kupanga makopo ya rangi. Alijua, kama anavyojua kila mama wa Eldoret, kwamba mkimbiaji akikata utepe Ulaya, huku ghorofa huota.

"Watasimama waangalie nani?"

"Malkia Elena. Na Elena nachagua mimi."

"Inaenda pesa ngapi?"

"Ala! Taji la kanisa haliuzwi!" Murunga aliumia usoni kwa namna ambayo ilikuwa inafaa kulipiwa kiingilio. "Ila kwa desturi yao, familia ya Elena huleta chakula cha sherehe. Fahali mmoja tu. Lakini asikonde, asiaibishe Msalaba."

"Si nikutumie kwa simu, ununue mwenyewe?"

"Mama, unamtumia Mungu kwa simu?"

Ukweli ni kwamba pesa ya simu huacha jina, tarehe na saa. Fahali akishafika Malaba, mpakani, hakumbuki alikotoka.

"Na kitu kingine," Murunga akanong'ona. "Kwa desturi yao, jina la Elena likitajwa kabla ya siku, taji linahama. Usimwambie mtu. Hata Waiyego mwambie usiku huo wa mwisho."

"Mimi na kaburi," akasema Waithira. Akamuuzia kufuli kubwa ya stoo, bila kumpunguzia hata shilingi.

Kutoka hapo Murunga alivuka barabara akaenda kwa Rosebella, muuza mchele, mwenye binti aliyesomea urembo. Rosebella alitoa magunia kumi, naye pia akawa kaburi. Priscah, mama wa ng'ombe wa maziwa kule Plateau, alileta mbuzi sita. Mke wa mwenye posho mill ya Turbo akaleta unga na mitungi ya mafuta. Makaburi yakawa manne, na kila moja lilipita mbele ya lingine sokoni likitabasamu kwa huruma.

Mali yote iliingia kwenye stoo moja nyuma ya soko. Mbuzi na fahali walifungwa uani, na fahali huyo alilia kutwa nzima kama shahidi anayengoja kuitwa kizimbani. Mpango wa Murunga ulikuwa mwepesi. Jumapili saa nane watu wamwone kanisani, maana hermano mayor akikosekana atatafutwa. Saa tisa, mji mzima ukiwa unaangalia wasichana, lori la dereva Opondo lipakie mali ya stoo ile na yeye akiwa ndani, wafike Malaba kabla ya taa kuwashwa. Ilikuwa imebaki kitu kimoja tu, kuitoa hiyo mali nje ya Eldoret. Basi.

Lakini kuna mtu ambaye wajanja husahau kumhesabu, naye ni fundi wa nguo.

Nabalayo alikuwa na kibanda, cherehani moja ya kukanyaga, na binti wa miaka mitatu, Brigid, aliyeamini kwamba futi ya kupimia ni chakula. Jumanne alikuja Waithira akiwa amefunika simu yake kwa leso. Ndani ya simu kulikuwa na picha ya Malkia Elena wa Ufilipino, amevaa gauni la bluu lenye mkia.

"Nishonee Waiyego kama hii. Na usimwambie mtu."

Jumatano alikuja Rosebella na picha ileile. Alhamisi asubuhi Priscah, jioni mama wa Turbo. Wote walinong'ona, wote walidokeza chakula walichompa Murunga, wote walitazama nyuma kabla ya kutoka. Nabalayo alifurahia kazi, akakata vitambaa vinne, akavitundika. Brigid akavitazama, akanyoosha kidole.

"Mama, hii, na hii, na hii ni moja."

"Ndiyo, mama. Hata mimi naona."

Ijumaa alipoenda kumchukua Brigid chekechea, akamuuliza Sista, "Hivi hao Malkia Elena wanakuwa wangapi?"

"Mmoja tu. Yeye na mwanawe."

"Ako na mtoto?"

"Konstantino, mfalme mdogo! Elena alikuwa mama, Mama Brigid. Hutembea wameshikana mikono mpaka mwisho wa njia. Huwa napenda hapo kuliko pote."

"Na chakula ni cha nani?"

"Cha hermano mayor, bila shaka. Yeye hulisha kila aliyekuja, mgeni na mwenyeji. Ndiyo maana watu hukimbia cheo hicho. Lakini Bwana Murunga hakutaka hata nimweleze! Na nasikia amejaza stoo nzima kimyakimya. Nimepita pale, nimemsikia fahali mwenyewe." Sista akashika kifua. "Mtu mwema kiasi gani!"

Nabalayo alikuwa na maneno mdomoni. Kisha akautazama uso ule, uliokuwa unawaka kama wa Brigid akiona mandazi, akayameza. Kuna nguo ambazo ukizifumua mbele ya mwenyewe unamuumiza bure. Unazirudisha ndani, unazirekebisha, unamletea zikiwa sawa.

Jumamosi aliwaita mama wanne waje kujaribisha. Wote saa nne kamili.

Ilikuwa kelele, msomaji, ambayo heshima ya kanisa hairuhusu iandikwe yote. Magauni manne ya bluu yalining'inia ukutani, na chini yake mama wanne walitazamana kama watu waliokutana kwa mganga mmoja.

"Hiyo ni ya nani?" aliuliza Waithira.

"Ya Elena," akajibu Rosebella. "Na hiyo ingine?"

"Ya Elena!" akadakia Priscah.

"Yaya! Murunga ametula!" akalia Rosebella.

"Mimi naita vijana wa boda," Waithira akasema, tayari ameshika simu. "Wamfunze adabu."

"Ita," akasema Nabalayo, bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Watauliza fahali alikuwa wa nini. Utawaambia ulikuwa unanunua taji kanisani?"

Simu ikarudi kwenye mkoba polepole.

"Sasa tufanyeje? Tunyamaze aende nayo?"

"Haendi nayo. Ile ni chakula ya sherehe, si ndivyo aliwaambia? Basi italiwa kwa sherehe. Yeye alidhani anadanganya, kumbe alikuwa anasema ukweli."

Wakalitafuna hilo. Halafu Rosebella akakumbuka jambo.

"Lakini Elena ni nani? Mimi nilipewa kwanza."

"Kwanza wapi? Mimi ndiye nimetoa fahali!"

"Kuna kitu Sista aliniambia," Nabalayo akasema, akikata uzi kwa meno. "Elena anatembea ameshika mtoto wake mkono."

Mama wanne wakageuka.

"Mtoto wa nani?"

"Wa Elena. Elena ni mama ya mtu."

Waithira akaona barabara yote kichwani. Akaona wakimbiaji wa Iten wamesimama, akaona Waiyego anakuja polepole na taji lake, amependeza, na mkononi ameshika kitoto. Akaona wakimbiaji wanaanza kukimbia.

"Ngai! Rosebella, wewe si ulikuwa wa kwanza? Chukua."

"Nichukue na wewe ulitoa fahali? Haki ni haki."

"Priscah, basi."

"Mimi nilileta mbuzi tu," akasema Priscah kwa unyenyekevu ambao haukuwahi kusikika Plateau.

Taji ambalo asubuhi lilikuwa na wenyewe wanne lilikuwa sasa halina hata mmoja. Nabalayo akawaeleza kwamba kuna malkia wengine, Imani na Tumaini na Mapendo, na yule wa Haki anayebeba mizani. Waithira akachukua mizani haraka. Ilikuwa karibu na biashara. Wengine wakagawana waliobaki. Wote walipomaliza, macho yao yakashuka sakafuni, ambako Brigid alikuwa anatafuna futi.

"Mama Brigid," akasema Rosebella. "Wewe si unaye tayari?"

Nabalayo akacheka. Halafu akaona hawacheki. Kwenye kona kulikuwa na mabaki ya kitambaa cha bluu, na mtu akiwa na subira mabaki ya magauni manne hutoa gauni la tano.

Jumapili ilianza kwa mvua, ikafunguka saa saba. Wasichana walisimama uwanjani katika matope, magauni yameinuliwa, chini yake gambuti. Murunga alikuwa amevaa suti, ametulia, anaangalia saa kila baada ya dakika. Ilikuwa saa nane na nusu alipoona mama wanne wanamjia kwa pamoja. Akapima tena umbali wa kutoka pale mpaka langoni. Lakini walikuwa wanatabasamu.

"Hermano mayor," akasema Waithira, "kuna shida. Matusalem amepatwa na mguu."

"Matusalem ni nani?"

"Mzee wa mbele kabisa," Sista Ligaya akaeleza kwa wasiwasi. "Hutangulia maandamano juu ya mkokoteni, amevaa ndevu ndefu, akikaanga mchanga kwenye kikaango. Mzee Thuo ndiye alikuwa amekubali, lakini nimeambiwa goti limemkataa."

Mzee Thuo alikuwa ameketi kando ya jikoni ya parokia na goti lake zima kabisa, anapewa chai na Rosebella kwa mara ya tatu.

"Na kwa desturi yao," akasema Nabalayo, uso mkavu kama kibao, "mtu akikosekana, pengo linajazwa na hermano mayor."

Sista akageuka kumtazama. Desturi hiyo hakuwahi kuisikia. Lakini visiwa vyao ni vingi mno, akafikiri, pengine ni ya upande mwingine.

Murunga alitaka kukataa. Halafu akaziona ndevu: manyoya ya kondoo, meupe, kutoka puani hadi kitovuni. Ndani ya ndevu zile hata mamake asingemtambua. Na mkokoteni ungetangulia, ungepita mbele ya stoo saa tisa juu ya alama. Angeruka tu, hatua tatu, awe ndani ya lori. Wajinga hawa walikuwa wanamsukuma mpaka mlangoni.

"Kwa ajili ya Msalaba," akasema, "nitakaanga."

Akavua suti, isije ikamvimbisha ndani ya kanzu, akabaki na kaptula. Wakamvisha kanzu ya magunia, wakamkalisha juu ya gunia lililojazwa maganda ya mahindi, lililofungwa kwa waya kwenye mbao za mkokoteni. Wakamwekea jiko katikati ya miguu, kikaango juu yake, mchanga ndani. Nabalayo akainama nyuma yake na sindano ile nene ya kushonea magunia.

"Tulia, Baba. Nakaza pindo, upepo usikuaibishe."

"Kaza, mama. Kaza sana."

Akakaza. Mshono wa kwenda na wa kurudi.

Maandamano yakatoka. Ngoma zikalia, kina mama wakaimba, waridi yakapita juu ya vichwa kama bustani iliyoamua kuhama. Mbele yao wote Murunga alikoroga mchanga, na mtaa ukampokea.

"Mzee! Hiyo chipo iko tayari?"

"Nipimie ya hamsini!"

"Usiweke chumvi mingi, niko na presha!"

"Pangeni foleni, wanangu," Murunga akajibu kutoka ndani ya manyoya, akaanza hata kufurahia. "Ya leo ni ya kukaanga, kesho nitawapikia pilau ya kokoto!"

Nyuma kabisa, chini ya tao la mwisho, alikuja Elena. Gauni lake lilikuwa na maungio mengi ambayo ni fundi tu angeyaona. Mkono mmoja alishika msalaba mdogo, mkono mwingine alimshika Konstantino, ambaye alikuwa msichana, amevaa taji la karatasi, na kila alipoona dimbwi aliomba kulikanyaga. Watu walipowaona walivua kofia bila kuambiwa na mtu. Sista Ligaya, aliyekuwa anaimba, akaacha mstari wake, akarudi nyuma kutembea kando yao.

Saa tisa. Kona ya soko. Murunga akaliona lori la Opondo limesimama mbele ya stoo, mlango wa stoo wazi, wanaume wanapakia magunia ya mchele. Kila kitu kama alivyopanga! Akaweka mwiko chini, akasukuma jiko kwa mguu, akaruka.

Hakuruka. Gunia lilimrudisha chini kama mama anayemkalisha mtoto. Akajaribu tena, mkokoteni wote ukayumba, na umati ukapiga makofi ukidhani ni ngoma ya Ufilipino.

Kisha akauliza moyoni swali ambalo alipaswa kuliuliza mapema. Funguo za stoo ziko kwangu. Wamefunguaje?

"Kufuli huja na funguo tatu," Waithira akamwambia, akiwa ameshika mpini wa mkokoteni, bila kugeuza uso. "Nilikupa mbili. Si kwa ubaya, ni mazoea ya biashara. Koroga, Mzee, mchanga unaungua."

"Opondo!" Murunga akapiga kelele. "Opondo, unapeleka wapi?"

"Uwanja wa kanisa, bosi!" dereva akamjibu kwa furaha. "Mama Rosebella ameniambia ni maagizo yako. Na fahali usijali, alichinjwa mkiwa misani. Aki Mungu akubariki!"

Murunga angeweza kuivua ile kanzu. Alilifikiria jambo hilo kwa uzito. Lakini mbele yake kulikuwa na mji mzima, nyuma yake sanamu ya Bikira Maria, na ndani ya kanzu kulikuwa na kaptula ambayo haikuwa imeandaliwa kwa ajili ya umma. Akaokota mwiko.

Uwanjani watu walikula mpaka watoto wakalala na mifupa mikononi. Walikula wa Huruma na wa Langas, walikula wapita njia, walikula wakimbiaji wawili, ambao kwa kweli walisimama. Kila aliyepita mbele ya mkokoteni alimshika Murunga mkono. "Baba, ubarikiwe." "Hatujaona ukarimu kama huu." Bibi mmoja alimwombea kwa dakika tano. Mtu akamletea sahani, mbavu za fahali na wali. Murunga akaonja kwa uchungu, halafu kwa uchungu mdogo zaidi, halafu akaomba pilipili.

"Hotuba! Hotuba!"

Sista Ligaya akapanda kwenye benchi, macho mekundu kwa furaha. "Wapendwa, kabla Bwana Murunga hajasema, kuna jambo moja. Kwetu, mwisho wa karamu, hermano mayor humtaja mbele ya watu yule atakayemrithi. Mwenye sherehe wa mwakani. Na aliyetajwa hakatai, kwani ni baraka."

Mama wanne wakaacha kutafuna.

Ndani ya manyoya ya kondoo, kwa mara ya kwanza tangu saa tisa, Murunga akatabasamu. Akajinyoosha kadiri gunia lilivyomruhusu.

"Ndugu zangu," akasema, na sauti ikawa asali, "mnanisifu mimi, na mimi ni mtu mdogo. Mnajua fahali huyu mliyekula alitoka kwa nani? Kuna mama hapa aliyemtoa bila kuomba risiti, bila kutaka ajulikane. Aliniambia, mimi na kaburi! Moyo kama huo tuuache ukae kaunta ukipima misumari? Mwakani atawalisha Mama Waiyego!"

Vigelegele vikapanda hadi kwenye matao. Watu wakambeba Waithira na kiti chake. Sista akamkumbatia shingoni akilia, na Waithira, mfupa bado mkononi, akauliza kwa sauti ndogo, "Watu... wote hawa?"

"Wote, Mama," akajibu Sista. "Na mwakani nitaalika Plateau na Turbo."

Murunga akalamba kidole, akatazama umati kwa upendo. "Na wa mwaka utakaofuata," akaanza, macho yakielekea taratibu upande wa Rosebella.

"Nabalayo!" Waithira akapiga kelele kutoka huko juu alikobebwa. "Leta makasi! Mkate huyo mtu nyuzi aende, kabla hajafungua mdomo tena!"